Waraka wa Kilo Ulipofika Koboko

Siku yangu ya kwanza kazini niliagizwa nipime chumba. Aliyeniagiza alikuwa Afisa Mipango, mtu mfupi kutoka Busoga aliyevaa tai hata katika joto la Februari, wakati Arua nzima inatafuta kivuli.

"Binti," aliniambia, "kabla hujaipima serikali, pima hiki chumba."

Nilitafuta kipimo nikapata rula moja tu, ya futi moja, iliyotafunwa na mchwa upande mmoja. Nikatambaa sakafuni kwa sketi yangu mpya, kutoka mlangoni hadi dirishani, makarani wawili wakiinua miguu ili nipite chini ya meza zao. Nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikasema kwa fahari, "Kumi na nne kwa kumi na mbili, bwana. Futi."

Akavua miwani. "Umekosea. Waraka unataka mita."

"Lakini bwana, humu ofisini hakuna mita."

"Najua. Nimeagiza, haijaja. Kwa hiyo chukua fomu uandike: ofisi yetu wenyewe, daraja la kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo mpaka leo wajukuu zangu hawaielewi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wanajeshi wameshika serikali, na Kampala ilikuwa imetoa waraka kwamba ofisi zote za umma ziache futi, ratili na galoni, zianze kutumia mita, kilo na lita. Ratili, kwa ninyi mliozaliwa juzi, ni kile kipimo cha Waingereza ambacho wengi wetu tulikiita paundi. Mbili na kidogo ndizo zinafanya kilo moja. Sera ya sayansi kama hiyo huandikwa siku moja, lakini nani anajua imefika wapi? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Hatukumlazimisha mtu. Tulipita ofisi kwa ofisi kuuliza, tukaandika sera imeenea kiasi gani.

Fomu yetu ilikuwa na madaraja manne. La kwanza: waraka umefika. La pili: umesomwa. La tatu: umeanza kutumika. La nne: umezoeleka, yaani watu wanautumia bila kukumbushwa. Mimi, Zaitun, binti wa askari mstaafu wa mtaa wa Wanubi hapo Arua, nilipewa cheo cha karani wa takwimu kwa sababu nilizijua hesabu. Masista wa misheni ya Ediofe walionisomesha walimwambia baba kwamba kichwa changu si cha kusuka vikapu tu. Mama alikasirika, akasema vikapu navyo ni hesabu, na kama sista hasadiki basi aje asuke kimoja.

Safari zetu tulifanya kwa Land Rover iliyoendeshwa na Mzee Candia, Mlugbara wa Adumi, mtu mwembamba aliyezungumza na gari kuliko alivyozungumza na watu. Sindano ya kuonyesha mafuta ya gari lile ilikuwa imekufa zamani. Candia alikuwa anajua kiasi cha petroli kwa kugonga tangi kwa kidole, kama mama anayegonga tikiti maji.

Ziara ya kwanza tulikwenda kwa msimamizi wa kazi za barabara. Nikamuuliza kama anatumia mita. Akatoa utepe wa kupimia, mpya kabisa, upande mmoja una mita na wa pili una futi.

"Hii upande iko ya serikali," alisema, akaugeuza. "Hii iko ya kazi."

Ofisi iliyofuata ilikuwa ya chifu mmoja wa gombolola, yaani tarafa ndogo. Nikauliza kama waraka umefika. Akafungua sanduku la chuma kwa funguo mbili, akautoa ukiwa bado umefungwa kwa uzi wa Kampala.

"Mzee, mbona hujaufungua?"

"Karatasi ya serikali napasua namna gani?" alinijibu, kana kwamba nimemwambia avunje dirisha la kanisa. "Mimi nachunga. Siku mwenyewe atarudi kuuliza, atakuta iko mzima."

Shida haikuwa watu hao. Hao angalau walisema kweli. Shida ilikuwa wale wengine wote. Ukimuuliza mtu, "Je, mnatumia vipimo vipya?" anaangalia karatasi, anaangalia gari la serikali, anasema, "Ndiyo, sana." Baada ya mwezi mmoja fomu zangu zilikuwa zimejaa daraja la nne, na sokoni hujasikia neno kilo hata mara moja.

Ndipo nikabuni kamba. Nilikata kamba ya katani, sikumwambia mtu urefu wake. Nikifika ofisini nasalimia, nauliza habari za nyumbani, halafu kabla sijatoa fomu naiangusha mezani na kusema, "Samahani, hii unaona ina urefu gani?" Neno la kwanza linalotoka mdomoni ndilo jibu langu. Mmoja akasema futi sita. Mwingine hatua mbili. Karani wa mahakama aliiangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kama mutu amelala." Nilipomwonyesha Afisa Mipango matokeo, alicheka mpaka tai ikalegea.

"Hiki ndicho kiashiria, binti," alisema. Kiashiria ni kitu kidogo unachokitazama ili ujue jambo kubwa usiloliona, kama vile moshi na moto. "Usiulize watu wanafanya nini. Wape kazi ndogo, uwaangalie."

Maneno hayo yamenifaa kuliko shahada yoyote.

Baada ya miaka michache Afisa Mipango akahamishwa kurudi kwao, nami nikapelekwa Koboko, pamoja na Mzee Candia na gari lake, kwenye ofisi ndogo ya vyumba viwili. Mkuu wangu mpya hakuwa mtu wa mipango. Alikuwa Kapteni. Alikuwa mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya gwaride, na alipenda mambo yaishe. Nilimsomea ripoti yangu ya kwanza, ofisi ngapi ziko daraja la kwanza na ngapi la pili. Akanikatiza.

"Daraja ya moja ni nini?"

"Waraka umefika tu, afande. Haujatumika."

"Hiyo haiitwi daraja. Hiyo inaitwa kukataa amri." Akapiga meza. "Katika Koboko hakuna kukataa amri. Nataka yote iko nne. Ijumaa."

Jumatatu yake akatuma askari kukusanya kila kipimo cha zamani. Rula, utepe, mizani ndogo za madukani, vyote vikarundikwa mbele ya ofisi yetu. Mafundi cherehani walikuja wakiwa wameshika tepe zao shingoni kwa mikono miwili, kama watu wanaoombwa watoe roho. Mwisho akaja shangazi yangu, Mama Rehema, muuza vitambaa, ambaye maisha yake yote alipima kitambaa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko.

"Kipimo yako iko wapi?" Kapteni alimuuliza.

Shangazi akanyoosha mkono wake wa kulia, wenye bangili mpaka katikati. "Hii hapa, mwanangu. Naweka juu ya hii rundo, au unakuja na panga?"

Askari waligeuka kuangalia miti. Kapteni alimtazama shangazi, akatazama mkono, kisha akacheka, nasi tukapata ruhusa ya kucheka. Lakini tepe hazikurudishwa. Pia ziliagizwa chati mpya za dawa, za kilo, zitundikwe kila zahanati, na pampu ya petroli ya serikali ikawekewa saa mpya inayosoma lita.

Jumatano Kapteni alikuwa na mkutano mkubwa Arua. Aliandika mwenyewe cheti cha petroli, akampa Mzee Candia, na baada ya nusu saa waliondoka, Kapteni akiwa amevaa medali zote. Jioni nikasikia habari. Gari lilizimika maeneo ya Aroi, kavu kabisa, bado maili kadhaa kufika mjini. Kapteni alingoja gari lingine, halikuja. Mwishowe aliingia mkutanoni akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli ya mkulima anayepeleka kuku sokoni, kuku wananing'inia upande huu na upande huu, na manyoya mawili yamenasa kwenye medali.

Kama kuna aliyecheka, basi alicheka kwa ndani. Mzee Candia alirudishwa Koboko kwa lori akiwa amefungwa mikono. Aliandikiwa kosa la kuuza petroli ya serikali kwa watu wa magendo, ng'ambo ya mpaka. Miaka ile neno magendo halikuwa dogo. Kapteni alisema Ijumaa atampeleka kambini Arua akahojiwe huko, na sote tulijua watu waliokwenda kuhojiwa huko ambao ndugu zao waliacha kuwaulizia.

Nilimpelekea chakula mahabusu. Hakula.

"Mzee, uligonga tangi?"

"Afande alisema twende upesi. Mimi nilisema wacha nigonge. Alisema gonga mlango yako." Akainamisha kichwa. "Cheti ilisema kumi. Mutu ya pampu alisoma kumi, alitia kumi. Galoni kumi inafika Arua na kurudi, na tena kurudi. Zaitun, mimi nimekunywa hiyo petroli? Hata mimi sasa najiuliza."

Nililala nikiwa na swali hilo, na Alhamisi niliamka nalo. Hata hivyo kazi ni kazi. Ilibaki zahanati moja katika fomu zangu, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli, na gari halikuwa na dereva. Nikafunga begi langu lenye kamba na jiwe la mizani la kilo moja, la shaba, ambalo Kampala ilikuwa imetutumia liwe mfano, nikaondoka.

Dresa wa zahanati ile, yaani mganga msaidizi, alikuwa kijana makini, koti jeupe limepigwa pasi. Ukutani alikuwa ametundika chati mpya ya dawa ya malaria kwa watoto: kilo kadhaa, kidonge hiki, kilo zaidi, vidonge hivi. Nikafurahi. Nikawaza, hapa kweli ni daraja la nne, hata sihitaji kudanganya. Nikaketi ningoje amalize na mgonjwa, mama aliyebeba mtoto wa kike mwenye homa.

Dresa akamweka mtoto kwenye mizani. "Ishirini," akasema, akageukia chati, kidole kikashuka mpaka ishirini, akaanza kuhesabu vidonge.

Mimi si tabibu. Lakini nina wadogo zangu saba, wote nimewabeba mgongoni. Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa hajaanza hata kutembea.

"Mama, huyu ana miezi mingapi?"

"Kumi."

"Dresa, ngoja kidogo. Kilo ishirini ni mtoto wa shule."

Akakunja uso. "Dada, wewe ulikuja kupima karatasi au kupima wagonjwa?"

Nikatoa lile jiwe la shaba, nikaliweka kwenye mizani yake. Sindano ikapanda, ikapita moja, ikapita mbili, ikasimama.

"Jiwe lako limenenepa," akasema.

"Jiwe halijala kitu. Mizani yako ni ya ratili."

Akainama, akasoma maandishi madogo chini ya sindano, yaliyofifia. Chati mpya ilikuwa imefika kwa amri ya Jumatatu. Mizani mpya haikufika, wala askari hawakuifikia ile ya zamani. Namba ilikuwa ileile ishirini, ila mizani ilisema ratili na chati ikasikia kilo. Yule kijana akaketi kwenye benchi la wagonjwa, vidonge bado vimo kiganjani.

"Nimewapa wengine," akasema. "Tangu Jumanne."

"Wangapi?"

"Watatu."

Alimpa yule mtoto kipimo sahihi, kile alichokijua zamani, kisha tukafunga zahanati. Yeye kwa baiskeli yake, mimi kwa yangu, tukaenda kuwatafuta. Nimefanya ziara nyingi katika maisha yangu ya kazi, lakini hiyo peke yake nilifanya nikiomba njia nzima. Mtoto wa kwanza alikuwa ameitapika dawa yote, kwa uchungu wake; alikuwa anacheza na majivu. Wa pili alikuwa amelala, macho mazito, mapigo ya moyo yanakwenda haraka. Dresa aliketi karibu naye muda mrefu, akamshika mkono, akamnywesha maji kwa kijiko, mpaka mtoto alipolia kwa nguvu na kudai uji. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Nyumba ya tatu tulimkuta bibi mmoja anapepeta ulezi.

"Mtoto iko wapi, bibi?" dresa aliuliza.

"Ameenda mtoni na mama yake. Amepona. Kwa nini?"

"Alikunywa dawa yote?"

Bibi akaweka ungo chini. "Sikiliza, daktari. Watoto wangu tisa wamekunywa hiyo dawa. Mdogo kama huyu ni nusu. Wewe ulitoa mingi. Mimi nilisema, huyu kijana leo amechoka, amesahau kuhesabu. Nikampa nusu, ingine nikafunga kwa kitambaa. Nirudishe?"

Dresa alipiga magoti mbele ya yule bibi, na bibi akadhani anamsalimia, akamwitikia vizuri.

Njiani kurudi, nikipanda kilima nimeshuka baiskeli, ndipo lilipofunguka kichwani. Namba ileile, kipimo kingine. Cheti cha Kapteni kiliandikwa kumi. Kumi ya nini? Nikaenda moja kwa moja kwenye pampu. Mtunza pampu akanitolea vyeti vyake, vimetobolewa kwenye msumari. Cha Jumatano, kwa mwandiko wa Kapteni mwenyewe, kilisema: *Petroli, kumi.* Basi.

"Ulitia nini?"

"Lita kumi," akasema, anashangaa swali. "Amri imesema galoni imekufa."

Lita kumi ni galoni mbili na kidogo. Inakupeleka Aroi.

Sasa nilikuwa na ukweli, na ukweli ulikuwa kwamba mwenye kosa ni Kapteni. Mtasema ningeenda nikamweleza. Nyinyi hamkuwepo. Nilikesha nikitafuta mlango wa kuingilia, na Ijumaa asubuhi, lori likiwa tayari limewashwa uani kwa ajili ya Candia, niliingia na fomu zangu, nikasimama wima.

"Afande, ripoti ni tayari. Nina habari njema. Tumepata ofisi moja ya daraja la nne. La kweli. Watu wanatii bila kukumbushwa."

Uso ukamng'aa. "Ofisi gani?"

"Pampu ya petroli, afande. Ukiandika kumi, hata huhitaji kusema kumi ya nini. Wao moja kwa moja wanatia lita."

"Vizuri!" akasema. "Hiyo ndiyo nidhamu. Mimi nikiandika kumi…"

Nikaitazama sakafu. Nje lori lilinguruma. Nilimsikia anavuta droo, anaifunga, anaivuta tena.

"Lita kumi inafika wapi?" aliuliza, sasa kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo sikujua anayo.

"Karibu na Aroi, afande."

Akasimama akaenda dirishani, akanipa mgongo.

"Zimeni ile lori!" aliita. "Mtoeni dereva. Mpeni chai." Kisha, bado amenipa mgongo: "Kuna nini kingine katika hiyo karatasi yako?"

Nikamweleza habari ya zahanati, kila neno. Aliposikia ya watoto aligeuka, akaketi, akavua kofia. Alikuwa na watoto wadogo. Picha yao ilikuwa mezani. Mwisho akasema, "Andika unavyoona. Kwangu hakuna tena Ijumaa. Lakini pampu iandike ya kwanza."

Siku hiyohiyo chati zilishushwa mpaka mizani zije, na mafundi cherehani wakachukua tepe zao katika lile rundo, kila mmoja akidai yake kwa kuinusa. Mzee Candia alikunywa chai vikombe vitatu. Akaenda kwenye gari, akaligonga tangi, akasikiliza, akaniambia, "Ile baiskeli ya kuku. Nani alimlipia yule mutu?" Hakuna aliyekuwa amemlipia. Wiki iliyofuata alimtafuta Aroi mpaka akampata, akampa jogoo.

Nilifanya kazi hiyo Koboko hadi vita vya 1979. Baadaye niliishi uhamishoni, nikarudi, nikafundisha hesabu mpaka nilipostaafu, na Kiswahili hiki kilichonyooka nilikipata kwa vitabu vya shule huko ugenini. Vijana wanaofanya kazi za takwimu huja kuniuliza kama kazi yetu ilikuwa na maana, maana ofisi ilikufa na fomu zilipotea. Nawaambia mambo mawili. Kwanza, karatasi ikisema jambo limefika, nendeni mkaangalie mikono ya watu, sindano ya mizani, kidonge kiganjani. Pili, msione aibu kama jambo linakwenda polepole. Linalokwenda haraka kwa amri ndilo lililokaribia kutuulia watoto watatu.

Wakikazana wananiuliza, "Lakini bibi, ule waraka mwishowe ulizoeleka?" Basi nawasimulia siku ya nne baada ya kuvuka mpaka kuingia Zaire. Tulikuwa tumelala uwanjani, mamia ya watu wa kwetu, wenye vyeo na wasio na vyeo, hatuna serikali wala ofisi wala mtu wa kutuamrisha. Asubuhi tulikwenda kwenye soko la kule kununua unga wa muhogo. Mimi nilikuwa katikati ya foleni, na nilikuwa na njaa, sikuwa nawaza kazi. Mbele yangu mzee mmoja nisiyemjua, kwa lafudhi ya Koboko kabisa, akasema, "Nipe kilo moja." Aliyefuata, mama mwenye mtoto mgongoni, "Kilo mbili." Kisha kijana mmoja, "Mimi nusu kilo tu." Hakuna aliyesema ratili. Hakuna aliyefikiri.

Nikaanza kucheka peke yangu, machozi yananitoka, mpaka muuzaji akasimamisha mkono.

"Mama, iko nini? Wewe nagonjwa?"

"Hapana, dada," nikamwambia. "Ni ripoti imekwisha. Nipimie kilo mbili."